Uzamili wa uhandisi wa nishati kwa masafa: Mambo ya kujua kabla ya kulipa ada

NASSA ni eneo lililoko kando ya Ghuba ya Speke, katika Wilaya ya Busega mkoani Simiyu, pembezoni mwa barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma. Kabla ya mwaka 2012, ulipoanzishwa Mkoa wa Simiyu wenye makao makuu yake mjini Bariadi, eneo hilo lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Magu mkoani Mwanza. Wakazi wake hulima pamba na mazao ya chakula, hufuga na huvua. Usiku wa giza, mwezi usipoonekana, ziwa huwaka taa za wavuvi wa dagaa. Zamani taa hizo zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi nyingi ni za betri, na baadhi huchajiwa kwa mionzi ya jua.

Badiliko hilo la taa laweza kuonekana dogo kwa msomaji wa mjini, lakini ndani yake mna maswali yale yale yanayowaumiza vichwa wahandisi wa nishati duniani kote. Betri ya ukubwa gani itamtosha mvuvi tangu machweo hadi alfajiri? Itachajiwa mara ngapi kabla ya kuchoka? Gharama yake, ikigawanywa kwa usiku wote itakaotumika, inazidi au inapungua kuliko ile ya mafuta ya taa? Na ikiisha muda wake itatupwa wapi, ilhali maji ya ziwa ndiyo yanayonywewa na wanaoishi kando yake?

Kijana wa Nassa aliyesoma uhandisi, akapata shahada yake ya kwanza na kurudi Kanda ya Ziwa kufanya kazi, siku moja hujikuta mbele ya swali jingine. Anataka kusoma shahada ya uzamili katika nishati. Mitandao imejaa matangazo ya vyuo vya nje vinavyoahidi shahada hiyo bila mwanafunzi kuondoka nyumbani kwake. Akiacha kazi aende chuoni, huenda asiikute nafasi yake akirudi. Akibaki kazini akasoma kwa masafa, atalipa fedha nyingi kwa cheti ambacho hana hakika kitapokelewaje. Makala haya yanaeleza njia zilizopo, namna elimu hiyo inavyotolewa, na mahali ambapo wengi hujikwaa.

Mahitaji yenyewe si ya kubuni. Mradi wa Kufua Umeme wa Julius Nyerere katika Mto Rufiji, ambao mkataba wake na kampuni za Misri ulisainiwa Desemba 2018, una mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliingizwa katika Gridi ya Taifa mapema mwaka 2024 na mitambo yote ilikamilika mwaka 2025. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilometa 1,443, na sehemu kubwa, kilometa 1,147, iko upande wa Tanzania. Jirani kabisa na Simiyu, wilayani Kishapu mkoani Shinyanga, mkataba wa awamu ya kwanza ya mradi wa umeme wa jua, megawati 50 kati ya 150 zilizopangwa, ulisainiwa mwaka 2023. Kusini kuna gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay, pamoja na ile iliyogunduliwa kina kirefu baharini.

Historia ya gesi hiyo yafaa kukumbukwa na yeyote anayezungumzia elimu ya wahandisi. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimefunguliwa mwaka mmoja tu kabla, 1973. Umeme wa gesi hiyo ulianza kufuliwa mwaka 2004, yaani miaka 30 baada ya ugunduzi. Sababu za ucheleweshaji huo zilikuwa nyingi, fedha ikiwa ya kwanza, lakini ni dhahiri kwamba nchi iliyokuwa na kitivo cha mwaka mmoja haikuwa na wataalamu wake wa kukaa mezani na kuhoji hesabu za wageni.

Shahada ya kwanza na ile ya uzamili

Wapo wanaodhani uzamili ni shahada ya kwanza iliyorefushwa. Sivyo. Mhandisi wa shahada ya kwanza hufundishwa kusanifu na kuendesha kitu kwa kufuata kanuni zinazojulikana. Wa uzamili hutakiwa kujua kanuni hizo zinapofikia kikomo na nini hutokea hapo.

Tuchukue mfano wa gridi. Umeme wa Tanzania huzunguka mara 50 kwa kila sekunde, na mzunguko huo hubaki thabiti iwapo tu umeme unaofuliwa unalingana na unaotumika katika kila dakika. Mwaka 2024 mahitaji ya juu kabisa ya gridi yetu yalikuwa bado chini ya megawati 2,000. Mtambo mmoja wa Rufiji ukizimika ghafla, gridi hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya umeme wake kwa mkupuo. Mzunguko hushuka, mitambo mingine, kwa kujilinda isiharibike, nayo hujizima mmoja baada ya mwingine, na giza huenea mikoa mingi kwa muda mfupi sana. Watanzania walionja hali ya namna hiyo Aprili 2024, hitilafu ilipoikumba Gridi ya Taifa.

Fundi mzuri anajua kuwasha upya mtambo uliozimika. Mhandisi mwenye shahada ya kwanza anajua kupanga kifaa cha kinga katika kituo kimoja cha kupozea umeme. Lakini kukaa na kukokotoa, kabla hitilafu haijatokea, ni vifaa gani katika gridi nzima vijizime kwanza, ni wilaya gani zikatiwe umeme kwa sekunde chache ili kuokoa zilizobaki, na ni kiasi gani cha umeme wa jua kinaweza kuingizwa Kishapu bila kuiyumbisha njia ya kusafirishia umeme, hiyo ni kazi ya mtu aliyesoma uthabiti wa mifumo ya umeme kwa kina. Masomo hayo kwa kawaida hayapatikani katika miaka minne ya kwanza, au hupatikana kwa kuguswa tu.

Mfano wa pili ni mafuta ya Uganda. Yana nta nyingi, na katika joto la kawaida huganda. Kwa hiyo bomba la Hoima hadi Tanga limesanifiwa lipashwe joto na kufunikwa kwa tabaka la kuzuia joto lisipotee, mafuta yabaki katika nyuzi joto 50 au zaidi muda wote. Mwanafunzi wa uzamili hufundishwa kukokotoa joto linalopotea kwa kila kilometa, nguvu ya pampu inayohitajika, na muda uliopo kabla mafuta hayajaganda endapo pampu zitasimama. Hesabu hiyo inaweza kufanywa na mtu aliyeketi Nassa mbele ya kompyuta. Lakini namba zinazoingizwa katika hesabu hiyo, kama vile joto ambalo mafuta hayo huanza kuganda, hupatikana maabara tu, kwa kushika chupa yenye mafuta yenyewe. Mpaka wa elimu ya masafa uko hapo.

Wapi pa kusoma

Nchini, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndicho chenye historia ndefu zaidi. Kitivo chake cha Uhandisi kiligeuka kuwa Chuo cha Uhandisi na Teknolojia mwaka 2001, na kina masomo ya uzamili katika nishati na nishati jadidifu. Arusha kuna Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2011 na ambayo haina shahada ya kwanza kabisa. Ni ya uzamili na uzamivu tu. Taasisi hiyo ina skuli inayounganisha taaluma za malighafi, nishati, maji na mazingira, na ni mwenyeji wa kituo cha umahiri cha miundombinu ya maji na nishati endelevu kilichoanzishwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kwa atakaye ujuzi wa mikono zaidi kuliko tasnifu, Chuo cha Ufundi Arusha kinaendesha kituo cha nishati jadidifu huko Kikuletwa, kwenye mitambo ya zamani ya umeme wa maji. Kituo hicho si cha uzamili, lakini mwandishi wa makala haya hasiti kusema kwamba baadhi ya wenye uzamili wangefaidika kwa kukaa huko hata mwezi mmoja.

Nje ya mipaka, Chuo Kikuu cha Rwanda kina kituo cha umahiri cha nishati kwa maendeleo endelevu ambacho hupokea wanafunzi wa Afrika Mashariki yote. Umoja wa Afrika una taasisi yake ya maji na nishati mjini Tlemcen, Algeria, iliyofunguliwa mwaka 2014; wanaochaguliwa hufadhiliwa, na masomo yana mkondo wa uhandisi na mkondo wa sera. Katika muongo wa 2010 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliungana na chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha NTNU cha Trondheim, Norway, pamoja na Chuo Kikuu cha Agostinho Neto cha Angola, kufundisha wanafunzi wa uzamili wa petroli kwa ufadhili wa kampuni ya Statoil, ambayo tangu 2018 inaitwa Equinor.

Njia ya Wakenya katika jotoardhi inastahili kutazamwa kwa makini zaidi, maana inajibu swali la kijana wetu wa Nassa kwa namna ambayo matangazo ya mitandaoni hayaigusi. Mtambo wa kwanza wa Olkaria, karibu na Naivasha, ulianza kufua umeme mwaka 1981. Miaka miwili kabla ya hapo, nchini Iceland, yalikuwa yameanza mafunzo ya miezi sita kwa wahandisi na wanasayansi kutoka nchi zenye jotoardhi. Kenya ilipeleka watu wake huko mwaka hadi mwaka, na hakuna nchi nyingine iliyopeleka wengi kama yenyewe. Hawakuwa wanafunzi wasio na kazi. Walikuwa waajiriwa wanaoondoka na matatizo ya visima vyao mkobani na kurudi na majibu. Baadhi yao baadaye waliendelea hadi uzamili na uzamivu. Leo Kenya ina zaidi ya megawati 900 za jotoardhi, na Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri, kina taasisi yake ya mafunzo ya fani hiyo. Miezi sita mbali na nyumbani si miaka miwili, na mwajiri huweza kuivumilia.

Masafa yalivyoanza

Kufundisha wahandisi walio mbali si jambo lililoletwa na intaneti. Mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, kilianza kurekodi mihadhara ya uhandisi katika kanda za video na kuzipeleka viwandani, ili wahandisi wasome uzamili bila kuacha kazi. Mwaka 1972 Chuo Kikuu cha Southern California kilianza kurusha masomo ya uhandisi kwa televisheni hadi katika kampuni za jirani. Barani Afrika, Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kilianza kufundisha kwa posta mwaka 1946. Nelson Mandela, ambaye taasisi ya Arusha inaitwa kwa jina lake, alipata shahada yake ya sheria kupitia chuo hicho mwaka 1989 akiwa bado kifungoni.

Kwa Tanzania, Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994, kikiongozwa na Profesa Geoffrey Mmari. Kwa kutumia vituo vyake vya mikoani kimewawezesha walimu, mahakimu na maofisa wa serikali wasiohesabika kusoma bila kuhama. Lakini kilijengwa kwa ajili ya masomo ya vitabu na mitihani. Uhandisi huhitaji karakana, na karakana haisafirishwi kwa posta.

Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha Chuo Kikuu cha Afrika cha Mtandaoni, kilichorusha mihadhara kwa setilaiti hadi vyuo vya Afrika, Dar es Salaam ikiwamo. Wakati huo gharama ya setilaiti ilikuwa kubwa mno na kasi yake ndogo. Hali ilibadilika Julai 2009 nyaya za SEACOM zilipofika Dar es Salaam kwa njia ya bahari, zikafuatiwa na zile za EASSy mwaka 2010, na kisha Mkongo wa Taifa ukasambaza mawasiliano hayo mikoani. Bila nyaya hizo, mazungumzo ya kusoma uzamili kwa masafa ukiwa Busega yangekuwa ndoto.

Vyuo vya Scotland ndivyo vilivyojipatia jina kubwa katika fani hii, kwa sababu ya mafuta ya Bahari ya Kaskazini. Chuo Kikuu cha Robert Gordon cha Aberdeen na Chuo Kikuu cha Heriot-Watt cha Edinburgh vimefundisha uzamili wa petroli na wa nishati kwa masafa kwa miaka mingi, na wanafunzi wao wengi ni watu walioko kwenye majukwaa ya kuchimbia mafuta, jangwani au baharini, wanaofungua vitabu zamu inapokwisha.

Hapo ndipo penye siri ya mafanikio yao, na ndipo wengi wetu hukosea. Mfumo huo ulibuniwa kwa ajili ya mtu ambaye karakana yake iko kazini kwake. Mhandisi aliye kwenye jukwaa la mafuta anaposoma kuhusu presha ya kisima, kesho yake asubuhi anakiona kisima. Mhandisi wa kituo cha kupozea umeme anaposoma kuhusu vifaa vya kinga, vifaa viko ukutani mbele yake. Kwa mtu huyo, masafa si upungufu. Huenda hata anajifunza vizuri kuliko aliyeketi darasani. Lakini mtu ambaye hajapata kazi katika nishati, akaamini kwamba uzamili wa masafa ndio utakaomfungulia mlango, ananunua nusu ya elimu. Waajiri wanajua hivyo, hata kama matangazo hayasemi.

Zimefanyika juhudi za kuziba pengo hilo. Katikati ya muongo wa 2000 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Makerere cha Uganda na Obafemi Awolowo cha Nigeria vilishirikiana na MIT ya Marekani katika mradi wa maabara za mbali, ambapo mwanafunzi aliweza kuendesha kifaa halisi cha elektroniki kilichoko chuo kingine kupitia intaneti na kusoma vipimo vyake. Leo programu za kuigiza mitambo kwa kompyuta zimekuwa bora mno. Zinafundisha mengi, isipokuwa moja: programu haimwambii mwanafunzi kwamba nati imelegea.

Hesabu ya saa na ya fedha

Kabla ya kuuliza ada, mwanafunzi aulize saa. Nchini Uingereza shahada ya uzamili huhesabiwa kuwa na krediti 180, na kila krediti ni saa 10 za kusoma, kufanya mazoezi na kuandika. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, nayo huhesabu saa 10 kwa krediti moja. Jumla ni saa 1,800. Mtu aliye kazini akijitahidi kusoma saa mbili kila usiku, kuanzia saa mbili hadi saa nne, siku tano za juma, kisha saa tano Jumamosi, anapata saa 15 kwa juma. Gawanya: majuma 120, yaani miaka miwili na miezi minne, bila kuugua, bila msiba, bila msimu wa pamba na bila umeme kukatika. Atakayeahidiwa kumaliza kwa mwaka mmoja huku akifanya kazi kutwa nzima, na ajiulize saa hizo zitatoka wapi.

Upande wa fedha, mikopo ya elimu ya juu inayotolewa na Serikali tangu 2005 imelenga zaidi shahada ya kwanza, na anayesoma chuo cha nje kwa masafa asiitegemee. Ada ya chuo cha kigeni hulipwa kwa fedha za kigeni, na mwanafunzi anayelipa kwa awamu kwa miaka miwili hubeba pia hatari ya shilingi kushuka thamani. Aidha yapo malipo ambayo hayaonekani katika tangazo: leseni za programu za kompyuta, ada ya mtihani katika kituo kilichoidhinishwa, nauli na malazi ya kwenda mjini siku ya mtihani, na wakati mwingine juma moja au mawili ya lazima ya maabara chuoni kwenyewe. La mwisho hilo si la kulalamikia. Chuo cha masafa kinachomlazimisha mwanafunzi wa uhandisi kufika maabara hata mara moja kinaaminika zaidi kuliko kile kisichouliza.

Bodi na Tume

Vyombo viwili huamua thamani ya cheti hicho hapa nchini, na mara nyingi huchanganywa.

Cha kwanza ni TCU, iliyoanza kazi mwaka 2005 kuchukua nafasi ya Baraza la Ithibati ya Elimu ya Juu. Tume ndiyo inayotambua shahada zilizotolewa nje ya nchi. Huangalia kama chuo kina ithibati katika nchi yake yenyewe, na kama shahada hiyo inalingana na ngazi ya hapa. Mwaka 2009 nchi ilitikiswa na mjadala wa shahada zisizotambulika, uliowagusa hadi watu wenye vyeo vikubwa. Vyuo vilivyotajwa vilikuwa vya kwenye mitandao, vyenye majina ya kuvutia na anwani za Marekani, vinavyouza shahada kama bidhaa dukani. Biashara hiyo haijafa. Dalili zake ni zile zile: chuo kinachotoa shahada kwa "uzoefu wa maisha", kisichokuwa na mitihani, kinachomharakisha mteja alipe kabla ya tarehe fulani ili apate punguzo, na kinachodai kuthibitishwa na chombo ambacho hakitambuliwi na serikali yoyote.

Cha pili ni Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Bodi humsajili mtu kuwa mhandisi mhitimu, baadaye mhandisi mtaalamu, na wachache kuwa wahandisi washauri. Msingi wa usajili ni shahada ya kwanza ya uhandisi inayotambuliwa, ikifuatiwa na mafunzo ya kazi chini ya msimamizi. Mpango rasmi wa mafunzo hayo, ulioanza mwaka 2003, huchukua miaka mitatu. Hapa kuna jambo linalowaumiza wengi. Aliyesoma fizikia au ualimu wa sayansi, kisha akapata uzamili mzuri wa nishati jadidifu, kwa kawaida bado si mhandisi mbele ya Bodi. Anaweza kuwa mtafiti, mshauri wa sera au mtaalamu wa miradi, na nchi inamhitaji. Lakini kama lengo lake lilikuwa kutia saini michoro ya mitambo, uzamili hautamfikisha huko. Ni bora alijue hilo kabla ya kutumia saa 1,800.

Tasnifu iko nyumbani

Sehemu ya mwisho ya uzamili ni tasnifu, na hapo anayesoma akiwa Nassa ana faida ambayo mwenzake wa Aberdeen hana. Matatizo ya nishati ya Simiyu hayajaandikwa vya kutosha.

Mkoa huu ndio kitovu cha pamba ya Tanzania. Viwanda vya kuchambua pamba huunguruma miezi michache baada ya msimu wa ununuzi kufunguliwa, ambao kwa kawaida huanza Mei, kisha hunyamaza. Transfoma na nyaya zinazovihudumia lazima ziwe na ukubwa wa kuhimili miezi hiyo ya kazi, ingawa sehemu kubwa ya mwaka hazitumiki ipasavyo. Je, mzigo huo wa msimu unaweza kupunguzwa kwa umeme wa jua, ikizingatiwa kwamba miezi ya kuchambua pamba ni ya kiangazi, jua likiwa kali? Swali hilo lahitaji mtu mwenye vipimo vya saa kwa saa kutoka kiwandani, na vipimo hivyo havipatikani kwa kukaa maktaba ya ng'ambo.

Vilevile kanuni za kilimo cha pamba humtaka mkulima ang'oe na kuchoma masalia ya pamba baada ya mavuno ili kuua wadudu. Kila mwaka moshi huo hupanda juu ya mashamba ya Busega, Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu, huku akina mama wa vijiji hivyo hivyo wakitembea umbali mrefu kutafuta kuni. Kiasi gani cha joto hupotea? Je, miti hiyo ya pamba ikisagwa na kushindiliwa kuwa makaa, wadudu watakufa katika mchakato huo au watasafirishwa hadi shamba la jirani? Mhandisi peke yake hawezi kulijibu swali la mwisho. Atahitaji mtaalamu wa wadudu, na yupo karibu, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru, Mwanza. Na wapo wavuvi wa dagaa na betri zao.

Serikali imetangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikishiwa umeme. Kufika kijijini si kufika kila nyumba, wala si kuwa na nguvu ya kutosha kuendesha mashine ya kusaga saa ambayo kila mtu amewasha. Kuupima umeme huo mwishoni mwa laini, mahali ambapo msongo hushuka na taa kufifia, nako ni kazi ya kitaalamu inayomngoja mtu.

Kwa hiyo atakayeamua kuomba, na aanze kwa mwajiri wake. Aombe barua inayomruhusu kutumia takwimu za kazini katika tasnifu; vyuo vizuri vya masafa huiuliza, na asiyeipata hukwama mwaka wa pili akiwa ameshalipa ada yote. Akiandike chuo kueleza ni kozi zipi zina maabara na zinafanyikia wapi. Aulize jina la shahada litakalochapwa kwenye cheti, kwa kuwa uzamili wa uhandisi wa nishati na uzamili wa usimamizi wa nishati ni vitu viwili. Apeleke majibu hayo TCU, na kama ni mhandisi, kwa Bodi pia, akiwa na cheti chake cha kwanza mkononi. Vyuo vingi vya hapa nchini humtaka mwombaji wa uzamili awe na wastani usiopungua 2.7. Na kabla ya yote, kwa majuma mawili ajaribu kufuatilia mihadhara ya bure ya mtandaoni kutoka nyumbani kwake, saa mbili hadi saa nne usiku, aone kama mtandao wa Nassa unamfikishia picha na sauti bila kukatika, na kama yeye mwenyewe hasinzii.